Tikiti, bia, sadaka au noti ya paji la uso: wapi usikie muziki wa laivu Lubumbashi

Shemeji yangu anaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Kwa kawaida safari yake inaishia mpakani: analala kwenye foleni, anashusha, anageuza. Safari hii mzigo unashushwa Lubumbashi mjini, kwa hiyo ana Ijumaa jioni, Jumamosi nzima na Jumapili mpaka jua lizame. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Shemeji, nitafutie muziki wa laivu. DJ tunao wa kutosha Temeke."

Muziki mji huu unao kila kona. Shida ni mabango. Neno "laivu" likiandikwa kwenye bango hapa kwetu, linaweza kuwa orkestra ya watu kumi na wawili wenye tarumbeta, au kijana mmoja na maikrofoni yake. Mwaka juzi niliwapeleka wageni wawili kwenye terasi moja, yaani baa ya nje, kwa sababu bango lilikuwa na picha ya magitaa matatu. Nikamuuliza mhudumu:

"Mama, orkestra iko leo?"

"Iko, papa. Benyewe bako njiani."

Saa tatu bako njiani. Saa nne bako njiani. Saa tano kasoro akashuka kwenye teksi mwimbaji peke yake, akatoa fleshi mfukoni, akampa mtu wa sauti, na fleshi ikaimba huku yeye akifumbua mdomo. Bia tulilipa kwa bei ya usiku wa orkestra.

Tangu usiku ule sitazami bango tena. Nauliza kitu kimoja: leo nani anamlipa mpiga gitaa? Ukishalijua hilo, unajua wataanza saa ngapi, spika zitapiga kelele kiasi gani, wimbo utakuwa na urefu gani, na hata kama utacheza au utakaa umefunga mikono.

Anayelipwa na tikiti, anayelipwa na bia

Tuanze na wale wawili ambao mgeni huwakuta kwanza.

Halle de l'Étoile ni ukumbi wa Institut français, kituo cha utamaduni cha Ufaransa, katikati ya mji. Hapo msanii analipwa na tikiti na taasisi, siyo na kiu yako. Kwa hiyo watu wanakuja kusikiliza. Ukitaka kusikia maneno ya wimbo, hasa ya waimbaji wanaotunga kwa Kiswahili cha huku, mfano Sando Marteau na gitaa lake, ukumbi wa namna hii hauna mpinzani mjini. Kiswahili chetu kina utani wake: tunasema "banakuya" pale Dar wanaposema "wanakuja", tunachanganya na Kifaransa na Kibemba, na mtu asiyesikia neno kwa neno anakosa nusu ya kicheko. Tarehe 21 Juni, siku ya Fête de la musique, vikundi vingi hupanda mfululizo, na ndiyo nafasi ya kuonja vijana wa mji kwa usiku mmoja.

Ubaya wake ni mmoja. Ukumbi wa taasisi una programu, na programu ina wiki ya filamu, wiki ya tamthilia, wiki ya mazungumzo ya waandishi. Ukija kichwakichwa unaweza kukuta kila kitu isipokuwa gitaa. Tena, mtu aliyetoka barabarani siku kumi, mgongo umekauka kwenye usukani, sijui kama anataka kiti kingine cha kukaa kimya.

Terasi za Kamalondo na Kenya ni upande wa pili kabisa. (Shemeji, ukiambiwa "tunaenda Kenya" usitafute pasipoti. Kenya ni komuni, yaani sehemu ya mji, ya hapa hapa, na teksi inafika.) Mwenye baa anakodi orkestra kwa sababu moja: meza zisiondoke. Kila kitu kinatoka hapo. Wanaanza wamechelewa, kwa kuwa baa inajaa imechelewa. Wimbo hauishi, kwa kuwa ukiisha watu wanaamka kwenda nyumbani. Seben, ile sehemu ya magitaa ambapo uimbaji unanyamaza na kiuno kinaanza kazi, inaweza kuzunguka dakika kumi na tano huku chupa za Simba na Tembo zikipita juu ya vichwa. Na katikati utasikia majina: fulani wa Kampemba, fulani patroni, fulani na mke wake. Hayo ni mabanga, majina yaliyolipiwa. Mwimbaji anayaingiza kwenye mapigo kwa ustadi ambao mimi nauheshimu kuliko nusu ya nyimbo zenyewe.

Usiku mmoja Kamalondo, umeme ulikatika katikati ya seben. Giza tupu. Magitaa yakafa, besi ikafa, sauti ya mwimbaji ikabaki ndogo kama ya mtu anayeita toka ng'ambo ya barabara. Mpiga drami hakusimama. Akaendelea peke yake, polepole, na meza za mbele zikachukua kibwagizo, kisha za nyuma, kisha mama wa kuchoma michopo (nyama choma) pale nje naye akaingia, koleo mkononi. Jenereta ilipokohoa na taa kurudi, mpiga solo aliingia pale pale ambapo wimbo ulikuwa umefika, kama vile hakuwa ameondolewa. Tikiti haiwezi kukuuzia hicho.

Ila useme ukweli: kinachopigwa terasi ni rumba ya Kinshasa kwa Kilingala, karibu usiku mzima. Ni nzuri, na Mtanzania aliyekulia na orkestra za Kikongo atajiona yuko nyumbani. Lakini haikuhitaji kuvuka mpaka. Na mji huu ulikuwa na gitaa lake. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bayeke wa Bunkeya, alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, na kutoka vidole viwili hivyo ungesema wamekaa watu watatu. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Yeye, Edouard Masengo na Losta Abelo waliimba kwa Kiswahili, na sauti ya mkoa huu ikafika Nairobi kabla ya rumba ya umeme kuifunika. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Mtindo ule leo nimeusikia laivu mara mbili tu, na mara zote mbili haukuwa kwenye onyesho. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, spika bado hazijaunganishwa, mzee wa orkestra amekaa juu ya kreti ya bia anapasha vidole. Ndiyo sababu nawaambia watu: terasi usiende saa nne, nenda mapema, uagize michopo, ukae karibu na wapigaji wakati wanajipanga. Unaweza kupata kile ambacho hakuna aliyekilipia.

Hoteli kubwa nazo zina wapigaji wa jioni. Kinanda, saksofoni, sauti ya chini, wateja wanazungumza bei ya shaba. Kama una kikao cha biashara, sawa. Kwa shemeji, hapana.

Noti kwenye paji la uso

Hapa ndipo ningempeleka mtu yeyote ambaye ana Jumamosi moja tu maishani Lubumbashi.

Karindula ni jina la chombo na ni jina la muziki wake. Ng'ambo ya mpaka Wazambia wanasema kalindula na wao wana muziki wao wa jina hilo, lakini kile cha huku ukikiona hutakichanganya na kingine. Chukua banjo akilini mwako, halafu mwili wake uwe pipa la mafuta. Pipa zima. Mdomoni limefunikwa ngozi ya mbuzi, shingo ni mbao nene, nyaya nne. Mtu halishiki kama gitaa, maana haliwezi kushikika. Analikalia au analiegemea, na sauti yake huisikii kwa sikio kwanza, unaisikia kwenye mbavu. Kando yake kuna vidogo vyake, ngoma, na waimbaji wanaopokezana maneno haraka kama watu wanaogombana kwa furaha. Mwaka 2009 tamasha la karindula la hapa Lubumbashi lilirekodiwa na Vincent Kenis, mtayarishaji wa muziki Mbelgiji, na rekodi zikatoka Ubelgiji mwaka 2011 kwa lebo ya Crammed Discs zikiwa na vikundi kama BBK, Bena Simba, Bana Lupemba na Bena Ngoma. Watu wa Ulaya wakashangaa. Sisi tulishangaa kwamba walichelewa.

Hapa hakuna tikiti wala mwenye baa. Mpigaji analipwa na wewe, uso kwa uso. Ukifurahi unatoka kwenye duara, unacheza hatua mbili tatu, unambandika noti kwenye paji la uso lenye jasho, ikashika. Faranka za Kongo zinashika vizuri kuliko dola mpya, hili nimelipima mwenyewe. Na kwa sababu malipo yanakuja wimbo kwa wimbo, kikundi hakiwezi kulala. Wakiona duara linapungua, wanabadilisha mwendo, mcheza ngoma anaruka, mtu anapinduka kichwa chini miguu juu. Kwenye terasi orkestra inacheza ili ukae. Karindula inacheza ili usimame.

Ugumu ni kuipata. Haina anwani. Inapigwa kwenye sherehe za mtaa, harusi, kampeni, sikukuu, zaidi Katuba, Kenya na Ruashi kuliko katikati ya mji. Njia yangu ni ya kizamani: Jumamosi kuanzia saa nane mchana napanda teksi hadi Katuba na kumuuliza mama yeyote anayeuza makaa au mboga, "Mama, leo karindula iko wapi?" Mara nyingi anajua. Kama hajui, mtoto wake anajua. Jambo moja tu la adabu: ukisikia ngoma toka mbali, uliza kwanza kama ni sherehe au ni kilio. Kilio ndiyo tunavyoita msiba, na kwenye kilio huendi kwa ajili ya muziki. Unaenda kwa ajili ya watu, unatoa rambirambi yako, na kama kuna muziki basi umeukuta.

Msimu nao unaamua. Toka Novemba hadi Machi mvua inaweza kuvunja duara dakika yoyote, na ngozi ya mbuzi ikilowa hulegea, sauti inakuwa kama ya ndoo. Kiangazi, Mei hadi Septemba, ndiyo miezi ya harusi na ya duara kubwa. Lakini Juni na Julai usiku wa huku una baridi. Tuko juu, zaidi ya mita 1,200. Watu wa Dar huja na shati la mikono mifupi kisha wananunua koti la mtumba siku ya pili.

Linganisha hilo na viwanja. Mastaa wa Kinshasa wakija, mara nyingi hupelekwa kwenye uwanja kama wa Frédéric Kibassa Maliba, na anayelipa hapo ni mdhamini: kampuni ya bia, ya simu, wakati mwingine mwanasiasa anayetaka kuonekana. Utaona taa, utaona wachezaji, utamwona staa ukubwa wa kidole gumba chako. Unasubiri kwa muda wa saa nne au tano, huku mtu kwenye jukwaa akitaja mdhamini. Vijana wanapenda, na nawaelewa, kuna raha ya kuimba na watu maelfu. Mimi mgeni wa siku mbili siwezi kumpoteza humo. Staa yule yule anaweza kumwona Dar.

Sadaka

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba wapigaji bora wa mji huu wanafanya kazi Jumapili asubuhi. Vijana wengi wanaopiga besi na solo kwenye terasi walijifunzia kanisani, na wengi bado wanapiga kote kuwili, jasho la usiku halijakauka.

Kwa kwaya, jiji lina urithi wa zamani. Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi wa huku, aliandika muziki wa misa uliosimama juu ya nyimbo za Kiafrika tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1960 ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga, jimbo letu la wakati huo, lilipojitenga na Kongo. Ukienda misa katika Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kaa nyuma, kwa kuwa dari linafanya kazi nusu ya kwaya. Sikukuu ya watakatifu hao ni tarehe 29 Juni, na kesho yake ni siku ya uhuru. Mtu anayepanga safari kwa ajili ya muziki angeweza kuchagua siku hizo mbili na asijute.

Ila kama ni mara moja tu, mimi nachagua Wakimbangu. Simon Kimbangu, nabii ambaye kanisa lao linabeba jina lake, alikufa hapa, tarehe 12 Oktoba 1951, gerezani Élisabethville kama mji ulivyoitwa, baada ya miaka 30 ya kifungo. Kwa hiyo Lubumbashi kwao si mji kama mingine, na kila tarehe 12 Oktoba utaona wenyewe wanavyouchukulia. Kanisa lao limekuza bendi za matarumbeta kwa miongo mingi, na vikundi vya filimbi pia. Jumapili kuna nsinsani: utoaji wa sadaka kwa mashindano. Wanaume upande huu, akina mama upande ule, vijana wao, na kila kundi linatembea kwa mwendo wa bendi kwenda kuweka kitu, linarudi, jumla inatangazwa, kundi lililoshindwa linainuka tena. Na bendi haisimami. Trombone zinavuta, tuba inasukuma toka chini, mzee wa miaka sabini na kitu anapita mbele yako kwa hatua za askari, sarafu mbili zimeshikwa mkononi kama hati ya nyumba. Saa mbili zinapita. Kwenye terasi mpigaji anarefusha wimbo ili uagize chupa nyingine. Hapa anarefusha ili mama mmoja aliyebaki nyuma afike na chake. Mbinu ni ile ile, masikio yangu yanasikia hivyo, ijapokuwa wao wangenikatalia.

Sheria zake uzijue kabla. Viatu unavua kwenye maeneo matakatifu. Mwanamke anafunika kichwa na havai suruali. Pombe na sigara hapana, hata harufu. Na kucheza hapana. Hilo la mwisho ndilo gumu: bendi nzito kuliko zote mjini, na wewe umesimama mkono kwenye mshono wa suruali, goti tu linatetemeka.

Kutoka nje ya mji

Likasi iko kilomita 120 hivi kwa lami, unaenda na kurudi siku moja. Ni mji wa reli na viwanda, mtulivu, terasi zake ndogo, na spika hazikuvunji kifua. Kwa mtu wa gitaa ningesema ni bora kuliko Kamalondo siku za wiki. Kolwezi, kama kilomita 300, ina fedha ya kobalti, na orkestra zinafuata fedha. Wikiendi utasikia wapigaji wa Lubumbashi kule kwa bei mara mbili ya huku. Sioni sababu ya kuwafuata.

Bunkeya ndiyo tofauti. Ni makao makuu ya Bayeke, mbele ya Likasi, na kila tarehe 20 Desemba wanakumbuka kifo cha mfalme wao M'siri, aliyepigwa risasi na kapteni Mbelgiji wa msafara wa Mfalme Leopold II siku hiyo mwaka 1891. Ngoma na nyimbo za pale hazilipwi na tikiti wala bia wala sadaka. Ni deni la ukoo. Barabara ya Desemba ina tope, unahitaji gari la juu, na unafika kama mgeni wa watu, unajitambulisha kwa wazee kwanza. Si jambo la wikiendi ya dereva wa lori. Lakini mtu ambaye anampenda Mwenda Jean Bosco na ana wiki nzima ya Desemba, asipoteze muda na mabango yetu, aende kijijini kwake.

Basi shemeji afanye nini?

Ijumaa jioni nilikuwa nimeweka Halle de l'Étoile, kama programu ina muziki. Nimeitoa. Atafika amechoka na atasinzia, na kusinzia kwenye ukumbi wa tikiti ni aibu kubwa kuliko kusinzia kwenye terasi. Kwa hiyo Ijumaa ni Kamalondo, saa kumi na mbili, michopo na bukari (ugali wenu), tukae karibu na kreti ya mzee. Tukiona fleshi inatoka mfukoni, tunalipa na kuondoka.

Jumamosi ni Katuba. Nimemwambia avunje dola zake mapema, awe na noti nyingi ndogo za faranka mfuko wa kulia na simu mfuko wa kushoto uliofungwa zipu, na dereva wa teksi ni yule ninayemjua, atusubiri. Usiku usiwe wa kutafuta usafiri barabarani.

Jumapili ni Wakimbangu. Kama angekuja na dada yangu, ningegeuza mpango wote: Halle Ijumaa, kwaya ya Kanisa Kuu asubuhi, terasi mapema na nyumbani kabla ya saa tatu, maana dada hapendi mabanga, anasema ni kelele za watu kununua majina yao wenyewe. Kwa vijana wa ishirini na kitu ningeacha uwanja uwepo kwenye orodha, wakijilipia.

Nikamtumia yote haya kwa sauti, dakika tisa. Akajibu kwa sekunde nne: "Sawa shemeji. Sasa hilo lori nitaliegesha wapi Katuba?"